Pictured Rocks: uogelee tu ufukweni, uvae snokeli, au uzame na mtungi?

Watu wakishaona picha za Pictured Rocks, ile miamba ya rangi rangi na maji ya kijani yanayoonyesha mpaka mawe ya chini, swali la kwanza ni "hivi mule ndani mtu anaingia?" Anaingia, ndio. Mimi nimeingia mara nyingi na Mungu akipenda nitaingia tena. Ila lile ni ziwa Superior, kaskazini mwa Michigan, Marekani, sio bwawa la hotelini, kwa hiyo kabla hujaamua uogelee pale ufukweni, uvae maski na snokeli (ule mrija wa kupumulia) uangalie chini, au uzame na mtungi wa hewa kwenye meli zilizolala kule chini, naomba tulinganishe taratibu. Naona wengi wanachagua kwa kuangalia wanavyojua kuogelea, na kwenye ziwa hili hilo si la kwanza. La kwanza ni baridi, la pili ni utatoka vipi mambo yakigeuka.

Kwa asiyeijua, Pictured Rocks ilitangazwa mwaka 1966, ndio hifadhi ya kwanza ya taifa Marekani ya aina yake ya mwambao wa ziwa. Iko kati ya mji wa Munising na mji wa Grand Marais, kama kilomita 65 hivi za pwani, fukwe za mchanga hapa, miamba inayofika mita 60 kule. Mpaka wake unaingia ziwani robo maili. Waokoaji wa ufukweni hakuna, hata ufukwe mmoja, na simu sehemu nyingi hazishiki. Hayo mawili yaweke kichwani, tutayarudia.

Tunapima kwa nini?

Vigezo vyangu ni hivi: baridi utakayokutana nayo, maji yenyewe (kina, mawimbi, upepo), vifaa, ujuzi unaotakiwa uwe nao tayari, na msaada, yaani ukikwama nani anakufikia na baada ya muda gani. Mwisho nasema inamfaa nani.

Kwenye baridi niruhusu nikae kidogo maana ndipo watu wanapofia. Superior ni ziwa lenye kina, sehemu ya chini kabisa ni kama mita 406, na kule chini maji yanabaki karibu nyuzi 4 za selsiasi mwaka mzima. Mwaka 2014 barafu ilikuwa bado inaelea mpaka mwanzo wa Juni. Juu juu jua linapasha, lakini ile tabaka ya joto ni nyembamba na upepo unaihamisha, upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani unasukuma maji ya joto nje halafu ya baridi yanapanda kuchukua nafasi, ndio maana ufukwe ulioogelea vizuri jana leo unakufukuza na jua ni lilelile. Halafu maji yanakunyang'anya joto la mwili kwa kasi kama mara 25 kuliko hewa ya nyuzi hizohizo, kwa hiyo usipime kwa unavyojisikia ukiwa umesimama mchangani.

Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 hivi (kama 60 kwa farenihaiti, maana kule vipimo utavikuta hivyo), mwili ukiingia ghafla unapigwa na mshtuko wa baridi. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Manitoba kule Kanada, Gordon Giesbrecht, ameufupisha kwa namba 1-10-1 kwa maji ya baridi kali: dakika 1 ya kupigania pumzi yako itulie, dakika 10 za mikono na miguu kuweza kufanya kitu cha maana, halafu saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa mwili kupoa. Angalia hapo. Watu wengi wanaogopa ile saa moja, kumbe kinachowamaliza wengi ni ile dakika ya kwanza na zile kumi, na kujua kuogelea hakukulindi na pumzi iliyokuja wakati mdomo uko ndani ya maji.

Mimi ile dakika naijua. Mwisho wa Juni, ufukwe wa Miners Beach, jua kali, mchanga wa moto. Kwenye magoti ilikuwa inauma tu kidogo, ilipofika kitovuni nikasema nijitupe nimalize, nikajitupa, na pumzi ikaingia yenyewe bila mimi kuivuta, haa, halafu nyingine juu yake, halafu nyingine, kifua kama kimefungwa kamba. Maji yalikuwa ya kifuani tu na nimejua kuogelea tangu mdogo, lakini kwa nusu dakika kazi yangu yote ilikuwa kuhakikisha uso uko juu. Nilipotoka nikataka kufungua kibano cha begi nitoe taulo, vidole vinakigusa lakini havikibani, nakiona kabisa na siwezi kukifungua. Nilikuwa ndani dakika sita au saba hivi. Sasa jiulize vidole hivyo ndivyo vifungue jaketi, au vishike kamba ya kuokolea.

1. Kuogelea ufukweni

Baridi: Hapa ndipo unaweza kuchagua baridi yako, na huo ndio uzuri wake mkubwa. Sand Point, karibu na Munising, ni pa kina kifupi na pamekingwa na kisiwa cha Grand Island, kwa hiyo maji yake mara nyingi ndiyo yanayopata joto zaidi ufukweni. Twelvemile Beach ni ndefu na imekaa wazi mbele ya ziwa lote, inapokea kila kitu. Na ukitaka kuogelea bila kupambana sana, kuna Grand Sable Lake upande wa Grand Marais, ziwa dogo ndani ya hifadhi hiyohiyo, linapata joto kuliko Superior. Miezi yenye nafuu ni mwisho wa Julai na Agosti.

Maji: Wengi hawaamini kwamba ziwa linaweza kuwa na mkondo wa kukuvuta nje kama bahari. Linao. Siku ya mawimbi maji yanayorudi yanatafuta njia moja, hasa karibu na midomo ya mito na pale mchanga ulipokatika, na yakikubeba usipigane nayo kurudi moja kwa moja, geuka chali, elea, tulia pumzi, halafu toka kwa kwenda pembeni sambamba na ufukwe. Ofisi ya hali ya hewa ya Marquette hutoa tahadhari za fukwe, isome asubuhi wakati bado una intaneti. Hatari nyingine ni ile inayokuja kwa upole: upepo wa kutoka nchi kavu. Maji yanaonekana yametulia kama kioo, mtoto yuko juu ya boya la kupuliza, na boya linaenda, linaenda, na kila mita maji yanazidi kina na baridi. Maboya ya kupuliza mimi Superior nasema yabaki nyumbani, na hapo sibembelezi.

Vifaa: Jaketi la kuokolea kwa kila mtoto na kwa mtu mzima asiyejiamini, viatu vya majini, taulo, kofia ya sufi na nguo kavu zilizofunguliwa tayari, sio ndani ya begi lenye zipu.

Ujuzi: Kuingia taratibu kwa miguu, kujimwagia maji shingoni na usoni kwanza, kusubiri pumzi itulie ndipo uende kifuani. Kuelea chali. Kuogelea sambamba na ufukwe, sio kuelekea katikati ya ziwa, ili wakati wote ukishusha miguu uguse chini.

Msaada: Ni wewe na uliokuja nao. Mmoja abaki nje, mkavu, macho majini, simu yake aiweke chini. Kabla hujaingia hakikisha unajua mahali pa karibu ambapo simu inashika ili 911, namba ya dharura ya kule, ipatikane.

Inamfaa: familia, mtu anayeliona ziwa hili mara ya kwanza, na yeyote ambaye hana suti ya mpira ya kukinga baridi. Asiyefaidi sana ni yule aliyefuata vitu vya chini ya maji, maana ufukweni utaona mchanga na mawe basi.

2. Maski na snokeli

Baridi: Ni kali kuliko kuogelea, kwa sababu mbili. Unakaa muda mrefu bila kuchemsha mwili kwa mazoezi, na uso uko ndani muda wote, paji la uso linauma kama limebanwa na koleo. Bila suti ya mpira usijaribu. Milimita 5 yenye kofia ya kufunika kichwa na shingo ndio pa kuanzia, wengi tunavaa 7. Suti ya mpira haikuweki mkavu, inaingiza maji kidogo, mwili unayapasha na yanakaa humo, sasa ikiwa kubwa kwako yanatoka na mapya ya baridi yanaingia kila unapojigeuza, kwa hiyo suti ya kuazima inayopwaya ni karibu sawa na kutokuwa nayo.

Maji: Maji ya Superior ni maangavu mno na yanadanganya macho, jiwe unaloliona kama liko mita mbili chini linaweza kuwa mita sita. Halafu ukiangalia chini hujui upepo unakupeleka wapi, inua kichwa kila dakika mbili tatu. Na pale chini ya miamba, jamani, msiende. Ule ni mchanga uliogandamana, unameguka. Mwaka 2006 mnara mmoja kati ya miwili ya mwamba unaoitwa Miners Castle ulianguka, na Agosti 2019 kipande kikubwa cha mwamba kilidondoka ziwani karibu na watu wa kayaki, hakuna aliyeumia lakini wimbi lake liliwafikia. Isitoshe chini ya mwamba hakuna pa kutokea, ni ukuta wima wa kilomita nzima nzima.

Kizuri ni kwamba kuna meli moja ambayo hata mtu wa snokeli anaiona: Bermuda, meli ya matanga iliyozama 1870 ikiwa na shehena ya mawe ya madini ya chuma, sasa imelala ghuba ya Murray, Grand Island, nje kidogo ya hifadhi yenyewe. Sitaha yake iko kama mita 4 tu chini ya uso wa maji na chini kabisa ni kama mita 9. Unaelea pale juu unaona mbao zake moja moja, mashimo ya shehena meusi, na kivuli chako kinapita juu ya sitaha. Mimi nilisahau baridi mpaka midomo ilipokataa kushika snokeli vizuri, na hiyo ndiyo dalili ya kutoka.

Vifaa: Suti, kofia, glavu, soksi za mpira, mapezi, na boya lenye bendera ya mzamiaji, nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari. Boti za watalii na za wavuvi zipo, na kichwa chenye kofia nyeusi juu ya maji meusi hakionekani. Hapa suti ya mpira inakusaidia kwa kitu kimoja zaidi, inaelea, kwa hiyo ukichoka unalala tu chali.

Ujuzi: Ujue kutoa maji kwenye snokeli hata pumzi ikiwa imepaa, na ujifunze hilo kwenye bwawa la joto. Kama unashuka kwa pumzi moja kuigusa sitaha, usihemehemee haraka haraka kabla ya kushuka ili "kujaza hewa", hiyo inafuta onyo la mwili linalokwambia upumue na mtu anazimia majini bila hata kuhangaika. Mmoja chini, mmoja juu anamwangalia.

Msaada: Ukitokea ufukweni ni kama kuogelea tu. Ukienda Bermuda unahitaji boti, na mtu abaki ndani ya boti.

Inamfaa: mwogeleaji mtulivu mwenye suti inayomkaa, anayetaka kuona bila kuingia gharama na kozi za mitungi. Haimfai aliyeshindwa kuelea dakika kumi bila kushika kitu.

3. Kuzama na mtungi

Baridi: Huku hakuna ujanja wa kuchagua mwezi. Ukipita ile tabaka ya juu, hata Agosti, unakutana na mstari, kabisa unauona unatetemeka kama hewa juu ya lami ya moto, na ukiuvuka unakuwa kwenye maji mengine, mashavu yanakufa ganzi hapohapo. Wazamiaji wa huko wengi wanavaa suti kavu, ile isiyoingiza maji, na nguo nzito ndani yake. Suti ya mpira ya milimita 7 inatosha kwa mzamo mfupi na mmoja, wa pili unakuwa na mwili uliokwishapoa na akili nzito, na akili nzito kwenye mita 25 ni hatari kuliko kutetemeka.

Maji: Pale Munising kuna eneo la meli zilizozama linaloitwa Alger, limelindwa na jimbo la Michigan. Bermuda ndiyo ya kuanzia. Kuna Smith Moore, stima ya mbao iliyogongana na meli nyingine mwaka 1889, imelala kwenye kama mita 30, na kuna tagi (boti ya kuvuta meli) ya Steven M. Selvick iliyozamishwa makusudi 1996 kwa ajili ya wazamiaji. Baridi na maji yasiyo na chumvi ndiyo yamezitunza mbao za hizo za zamani, baharini zingeshaliwa na viumbe vinavyotoboa mbao. Kuchukua kitu, hata msumari, ni kosa kisheria.

Vifaa: Hapa ndipo nasisitiza. Regyuleta, kile kifaa kinachokuletea hewa ya mtungi mdomoni, ikiwa ya kawaida ya maji ya joto inaweza kuganda chini ya nyuzi 10. Hewa inapotoka kwenye shinikizo kubwa la mtungi inapoa sana, unyevu unageuka barafu, vali inakwama ikiwa wazi na hewa inamwagika bila kukoma, mtungi unaisha wakati unaushuhudia. Tafuta iliyotengenezwa kwa maji ya baridi, usiipumulie nje kwenye hewa ya baridi kabla ya kushuka, na usijaze hewa jaketi lako la kuzamia na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Uzito nao unabadilika: maji ya ziwa yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia mbili na nusu hivi, uzito uliokufaa baharini huku utakuwa mzito, lakini suti kavu nayo inakuongezea kuelea, kwa hiyo jipime upya ukiwa kwenye kina kifupi. Ziwa liko kama mita 183 juu ya bahari, bado ni chini ya zile mita 300 ambapo wazamiaji huanza kubadilisha hesabu zao kwa sababu ya mwinuko.

Ujuzi: Cheti cha kwanza cha uzamiaji ulichopata kwenye maji ya joto, kwa Smith Moore hakitoshi, nasema kwa upendo kabisa. Unahitaji kozi ya suti kavu, mizamo kadhaa ya maji baridi kwenye kina kifupi, na mazoezi ya kutoa na kurudisha maski usoni kwenye maji hayohayo, maana baridi ikipiga uso wazi ile pumzi ya ghafla inarudi. Sheria ya Michigan inataka uweke bendera, wewe ubaki ndani ya futi 100 kutoka hapo, na boti zisizohusika zikae futi 200 mbali.

Msaada: Ajabu ni kwamba hapa msaada unaweza kuwa bora kuliko ufukweni, kama umekwenda na boti ya kukodi yenye kapteni anayelijua eneo, redio ya VHF (ya mawasiliano ya majini) kwenye chaneli 16 na oksijeni ndani. Uliza oksijeni kabla hujalipa. Mkienda wawili peke yenu na kiboti kisicho na mtu juu, basi ndio njia ya hatari kuliko zote tatu. Na panga safari ya ndege vizuri, ukiwa umezama mara kadhaa subiri angalau masaa 18 kabla ya kupanda.

Inamfaa: mzamiaji aliyefundishwa, mwenye vifaa vya baridi na mwenzake anayemwamini, anayependa historia kuliko samaki.

Na kuruka kutoka juu ya mwamba?

Hii siipi namba. Kina hukijui, mawe yapo, mshtuko wa baridi unakupata ukiwa chini ya maji tayari, na ukiibuka umezungukwa na ukuta. Sijaona hali ambayo ningemshauri mtu.

Sasa we uko wapi hapo?

Una watoto na siku moja tu: Sand Point mchana, au Grand Sable Lake kama mko upande wa Grand Marais. Majaketi, dakika tano tano, nje mkajipashe.

Unaogelea vizuri lakini maji baridi hujawahi: ufukweni, siku mbili, uzoeshe pumzi. Snokeli ije siku ya tatu ikiwa suti unayo.

Una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, au pumu: ongea na daktari kwanza, maana ule mshtuko unapandisha mapigo na presha kwa ghafla, na hata akikuruhusu nenda kwa hatua, sio kwa kujitupa.

Una cheti cha maji ya joto na unatamani meli: Bermuda kwa snokeli mwaka huu, kozi ya suti kavu, Bermuda kwa mtungi, halafu ndio zile za kina.

Mmekunywa bia mchana: leo hakuna kuingia, njia yoyote.

Unatoka majini unatetemeka: vua vya maji, vaa kavu, kofia, kinywaji cha moto chenye sukari, kaa chini. Mwili unaendelea kupoa kwa dakika kadhaa baada ya kutoka, kwa hiyo usikimbilie kuendesha gari wala bafu la moto. Ukiona mtu ameacha kutetemeka na anaongea kilevilevi, hiyo ni 911.

Umefika, upepo unatoka kaskazini, mawimbi meupe mpaka mbali: funga viatu, pita njia ya juu ya miamba, maji uyaangalie kutokea huko. Kesho asubuhi upepo ukilala shuka tena uingize kidole kwanza.